Bastola Kumi Zilizopita Mtihani

Kila nikikaa mahali penye wanaume watatu na chupa za bia, lazima atokee mmoja wa kuniuliza bastola ipi ni bora. Wanajua nilikuwa fundi wa silaha kwa miaka kumi na tisa katika kikosi cha kulinda majengo hapa Bukavu, basi wanadhani jibu ninalo mfukoni kama mtu mwenye kiberiti. Mmoja anatoa simu na kunionyesha video ya mzungu anayezika bastola kwenye matope, anaichomoa, anaipangusa kidogo, anapiga. "Unaona, papa? Hii iko ya plastiki, lakini haigomaki." Mwingine anabisha kwamba chuma ni chuma. Wanapandishiana sauti kama mashabiki wa timu mbili za mpira, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufungua bastola akaona kilichomo. Mimi nakunywa, na moyoni nachemka.

Nachemka kwa sababu swali lenyewe ni bovu. Nachemka pia kwa sababu niliwahi kulijibu, kwa maandishi, na sahihi yangu ikawa chini ya karatasi, na jibu lile likamponza mwanamke mmoja ambaye hakuwa na kosa.

Wacha nieleze basi, maana nimechoka kulibeba.

Stoo yangu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, nyuma ya ofisi za kikosi. Ndani yake mlikuwa na bastola sitini za zamani, zote za aina moja, zote za chuma kuanzia mdomo wa mtutu mpaka mpini. Zilikuwa nzito. Ukiivaa kiunoni kutwa nzima, jioni nyonga inakuuma. Nyuma ilikuwa na kinyundo kinachoonekana kwa nje, na pembeni kufuli dogo la kusukuma kwa kidole gumba. Risasi ya kwanza ilitaka uvute kifyatulio kwa nguvu, kwa safari ndefu, na zilizofuata zilitoka kwa kugusa tu. Watu wengi walikosa shabaha ya kwanza kwa sababu ya uzito ule, kisha wakaishtukia ya pili kwa sababu ya wepesi. Ni kasoro ya muundo, sikatai. Mkono wa mtu haupendi kubadilishiwa mambo katikati ya kazi.

Kisha kulikuwa na zile mpya. Tano tu, zililetwa kama mfano, ili wakubwa waamue kama kikosi kizima kitabadilishiwa. Mwili wake plastiki ngumu, sehemu ya juu chuma. Hakuna kinyundo cha nje, hakuna kufuli la pembeni, bali ulimi mdogo katikati ya kifyatulio, ambao usipobanwa na kidole bastola haitoi kitu hata ikianguka sakafuni. Uzito wa kuvuta ni uleule mwanzo mpaka mwisho. Magazini yake, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, inabeba karibu mara mbili ya zile zetu. Nilipoifungua mara ya kwanza nilivuta kiti nikakaa. Vipande vyake vilikuwa vichache, kila kimoja na kazi yake, na unaona kabisa kwamba aliyeichora alikuwa na huruma kwa fundi. Niliipenda, nasema wazi.

Lakini nyumbani kwetu bastola haiishi peke yake kama kwenye video. Inaishi na watu. Mafuta ya silaha yalikuwa yanatujia kwa vikopo vidogo, halafu siku moja yakaacha kuja. Niliandika barua, nikaandika nyingine, nikajibiwa kwamba barua zangu zimepokelewa vizuri. Walinzi hawakungoja barua. Walichukua walichokuta jikoni, yaani mawese, mafuta mekundu yanayoshuka kutoka Shabunda kwa madumu, na wakapaka bastola kama wanavyopaka kikaango. Sasa mtu yeyote wa Bukavu anajua mawese yanafanya nini asubuhi ya baridi. Yanaganda kwenye chupa mpaka uyaweke karibu na makaa. Ndani ya bastola pia yanaganda. Yanashika vumbi, yanashika nyuzi za sweta, yanakuwa uji, na ule uji unazuia kila kinachotakiwa kuteleza.

Niliwaambia. Niliwafokea. Wakaniuliza mbadala uko wapi, nami sikuwa nao.

Aliyenisumbua kuliko wote alikuwa mlinzi mmoja wa kike, mtu wa miaka thelathini na kitu, wa kabila la Warega, kutoka Mwenga, binti wa mchimba dhahabu. Alipangwa kwenye geti la ghala moja Nyalukemba, zamu ya alfajiri, saa ambayo mlinzi wa usiku ameshaondoka na wafanyakazi hawajafika. Alikuwa peke yake pale kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Yeye hakuwa mtu wa kulalamika kwa mzunguko. Aliingia stoo, akaiweka bastola mezani mbele yangu, magazini pembeni, kama anayerudisha samaki aliyeoza kwa muuzaji.

"Papa, hii kitu iko inanidanganya," alisema. "Ya kwanza inatoka, ya pili inakwama. Mara tatu, papa. Tulienda kupiga mazoezi, mara tatu!"

Niliifungua. Uji mwekundu ulikuwa umejaa kila kona. Lakini ugonjwa haukuwa huo tu. Springi ya magazini, ile inayosukuma risasi juu, ilikuwa imechoka kabisa. Risasi ya pili haikupanda kwa wakati, sehemu ya juu ya bastola ikarudi polepole kwa sababu ya mawese, na viwili hivyo vikakutana vibaya. Nikamwonyesha.

"Unatiaka mafuta gani?"

"Yenye iko ku nyumba. We unanipatiaka ingine?"

"Hapana."

"Njo vile. Basi unipatie bastola ingine."

Nilimweleza kwamba zote sitini ni ndugu, nikimpa nyingine nampa ugonjwa uleule. Akakasirika. Aliniambia kwamba shimoni, kwa baba yake, chombo kikianza kugoma hakuna anayeshuka nacho, mkubwa apende asipende, na sisi watu wa mjini ndio tunaompeleka mtu kazini na chombo tunachojua kimekufa. Mimi mtu akinibana kwa maneno huwa natoa ahadi.

"Vumilia, mama," nilimwambia. "Kuko mutihani inakuya. Batatoka Kinshasa kulinganisha hizi na zile za mupya. Bakiona namna zinagoma mbele yabo, batafanya aje? Batabadirisha. Mutihani itasema yenyewe. Na yako niko nitaitia ku liste ya zenye zitajaribiwa."

"Kweli, papa?"

"Kweli. Usijisumbue na hiyo bastola tena."

Akaichukua, akasaini daftari, akaenda. Nilimwona akishuka ngazi kwa haraka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilijiona mtu wa maana.

Orodha ya bastola kumi ilibandikwa ukutani mwezi mmoja kabla ya mtihani. Yake ilikuwamo. Amri ilikuwa fupi, na komanda wetu aliisoma mbele ya wote: zile kumi zitachukuliwa kutoka viunoni mwa walinzi siku ya Jumamosi, zitiwe kwenye kasha, zibaki vile zilivyo, mtu asiziguse mpaka Jumatatu. Mgeni wa Kinshasa alitaka kuona silaha katika hali yake ya kila siku. Amri hiyo niliielewa. Naapa niliielewa. Nilikuwa hata nimeisifu.

Jumamosi wakaleta, mmoja mmoja, nami nikapanga kwenye kasha bila kutazama sana. Jumapili nikaenda misa. Mahubiri yalikuwa marefu, nami mawazo yangu yalikuwa stoo. Nikajiambia nitapita tu kuangalia kama kasha limefungwa.

Lilikuwa limefungwa. Nikalifungua.

Sijawahi kuona uchafu kama ule, na nilikuwa nimeuona mwingi. Ya kwanza, magazini haikutoka mpaka niigonge na kiganja. Ya pili ilikuwa na kutu kama sufuria iliyosahauliwa mvuani. Ya tatu, nilipovuta sehemu yake ya juu, ilibaki nyuma kama mlango wenye bawaba mbovu, ikakataa kurudi. Katika moja nilikuta ganda la haragi. Haragi! Mtu amekula maharagwe juu ya bastola. Ile ya binti wa Mwenga ilikuwa mbaya kuliko zote, yeye ambaye angalau zamani aliipangusa kwa kitambaa kila zamu.

Nilishikwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa na nguvu. Akilini nilimwona mgeni akifungua kasha lile mbele ya wakubwa. Nilimsikia akiuliza: fundi wenu wa silaha ni nani? Nilikulia Cimpunda, nyumba juu ya nyumba, maji ya kuchota mbali, na mama yangu alikuwa mtu wa namna hii: mgeni akitajwa tu, tunafagia uwanja wetu na kipande cha jirani. Kulikuwa na vikombe vya kioo kabatini ambavyo sisi watoto hatukuwahi kunywea hata siku moja. Vilikuwa vya wageni. Umaskini wetu tuliujua sisi, mgeni hakuwa na haja ya kuuona. Ndivyo tulivyofundishwa, na hata leo mwambie mtu wa Bukavu kwamba mgeni anakuja kukagua nyumba yake ilivyo, utaona kama hatashika ufagio.

Nikavua koti la misa. Nikatafuta petroli kidogo, mswaki wa zamani, vitambaa. Nilikuwa na chupa ndogo ya mafuta halisi ya silaha niliyoificha kwa miaka, nayo nikaifungua. Nilizifungua zote kumi, kipande kwa kipande, nikaosha, nikasugua, nikapaka. Na kwenye kopo la maziwa ya unga nilikuwa na springi mpya za magazini, kumi na moja, nilizopata zamani kwa fundi mwenzangu aliyestaafu. Nikaweka moja kwa kila bastola. Jua lilikuwa bado juu nilipomaliza. Nilizipanga mezani, nikavuta kila moja na kuiachia, klak, klak, klak, sauti safi kabisa, na nilifurahi. Lazima niliseme hilo, kwa sababu watu hudhani anayefanya kosa huwa anajisikia vibaya. Nilijisikia vizuri sana. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu tukapanda mpaka kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Mgeni alikuwa mtu mpole, viatu vyake vina vumbi kidogo tu kwa sababu alitembea kwa uangalifu. Wakubwa walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwavuli. Alifungua kasha, akatoa bastola ya kwanza, akaitazama, akanitazama.

"Ziko namna hii kila siku?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ilikuwa mbele yangu kabisa. Komanda wangu alikuwa ananitazama, wakubwa wananitazama, na mdomo wangu ukasema, "Tunajikaza, chef."

Bastola zetu zilipiga. Kumi zote. Magazini baada ya magazini, hakuna iliyokwama, hakuna iliyorudi nusu. Hata mimi nilishangaa. Zikaja zile mpya tano, na mbili kati yake zikagoma. Zikagoma tena. Wakubwa wakaanza kucheka chini ya mwavuli, wakisema plastiki ni ya ndoo.

Mimi nilijua sababu. Risasi tulizotumia zilikuwa za stoo yetu, zimekaa miaka kwenye unyevu, baruti imepungua nguvu. Bastola ya nusu-otomatiki hutumia nguvu ya risasi ileile kujirudisha nyuma, kutupa ganda na kuchukua risasi nyingine. Zile mpya springi yake kubwa, ile inayorudisha sehemu ya juu mbele, ilikuwa ngumu bado, zikataka msukumo ambao risasi zetu hazina. Zetu, springi yao kubwa ilikuwa imechoka zamani, mimi nilikuwa nimebadilisha zile ndogo za magazini tu. Uchovu wa bastola zetu ulilingana na uchovu wa risasi zetu. Wazee wawili walioelewana. Nikamsogelea mgeni, nikamwambia kwamba ni kosa la risasi, si la bastola.

"Na walinzi wako kazini wanatumia risasi gani?" akauliza.

"Hizi."

"Basi," akasema, akaandika.

Hapo ndipo ninapotaka kuvunja meza kila nikikumbuka. Hakukosea! Katika dunia ya karatasi alikuwa sahihi kabisa. Alikuja kupima vitu kama vilivyo, na mimi nilimpa nusu ya vilivyo na nusu ya nilivyopika Jumapili. Ripoti ikasema bastola za zamani ni za kutegemewa kuliko mpya katika mazingira yetu, zinatunzwa vizuri, hakuna haja ya kuzibadilisha. Nilitia sahihi kama fundi. Komanda akanishika mkono mbele ya wote, akaniita mfano. Nami, mjinga, nikavimba.

Kisha nikafanya la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Kabla ya kuzirudisha kwa walinzi, nilizitoa zile springi mpya, nikarudisha kwenye kopo. Nilizitunza kwa ukaguzi ujao. Zilikuwa chache, nilijiambia, zikianza kutumika kila siku zitaisha.

Binti wa Mwenga alikuja kuchukua yake siku iliyofuata. Aliikuta imesafishwa, na hilo halikumshangaza, bastola husafishwa baada ya kupigwa.

"Mutihani ilisema nini, papa?"

"Zilifaulu."

"Zenye zilifaulu ni zile za mupya?"

"Ni za kwetu. Zote kumi."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani haamini bahati yake mbaya. "Na yangu?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Na yako."

Aliigeuza mkononi, akaitazama chini na juu kama mtu aliyerudishiwa mtoto asiye wake. Alisaini, akaondoka, na safari hii alishuka ngazi polepole. Zile mpya tano zilitawanyika haraka. Nilizikuta baadaye Ibanda, kwenye viuno vya wakubwa wanaoshuka kwenye magari ya vioo vyeusi kwenda mkutanoni, mahali ambapo bastola haifanyi kazi yoyote ila kuvimbisha koti.

Miezi minne ikapita. Mafuta hayakuja. Mawese yakarudi.

Siku moja wanaume wanne waliruka ukuta wa ghala la Nyalukemba kulipokuwa kunapambazuka. Binti wa Mwenga alikuwa peke yake kama kawaida. Aliwaamuru wasimame, hawakusimama, akapiga hewani. Ya kwanza ikatoka. Walipoendelea kumjia akavuta ya pili, haikutoka. Alijaribu kuikwamua kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha, na wakati mikono yake imeshughulika na bastola mmoja akampiga na nondo. Mkono ulivunjika mahali pawili. Walichukua walichotaka, wakachukua na bastola. Wafanyakazi wa kwanza ndio waliomkuta, amekaa chini kwenye geti, ameegemea ukuta, amefunga mkono wake mwenyewe na kitambaa cha kichwa.

Hospitali wakamtengeneza vizuri. Kikosi kikamwita kwenye baraza la nidhamu.

Kosa waliloandika lilikuwa kwamba alipoteza silaha kwa kutoitunza. Na ushahidi mkubwa uliokuwa mezani, katikati, kwenye jalada jipya, ulikuwa ripoti yangu. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti: namba ya bastola yake, idadi ya risasi zilizopigwa, migomo sifuri. Bastola hii ni nzima, alisema, fundi wetu na mtaalamu wa Kinshasa wamethibitisha. Ikigoma baada ya miezi minne, nani amelala?

Nilikuwa nimeitwa kuja kusema neno moja tu, ndiyo. Nikasimama nikasema hapana. Nikasema nilizisafisha Jumapili kinyume cha amri. Nikasema ripoti ile si ya kweli.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Nielewe vizuri, papa. Unajishitaki ju ya nini? Ju ulisafisha silaha?"

"Ndiyo."

"Na kazi yako ni gani?"

"Kusafisha silaha."

Wakacheka. Hata askari wa mlangoni alicheka. Niliona karani ameweka kalamu chini, nikapandisha sauti, nikamwambia aandike, akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti hakutikisa kichwa, basi hakuandika. Nikatoa lile kopo la maziwa, nikamwaga springi mezani juu ya ripoti yao. Nikaeleza kila kitu, niliziweka lini, nilizitoa lini, magazini inafanyaje kazi, mawese yanafanya nini saa za baridi. Nadhani nilieleza vizuri.

Mwenyekiti akachukua springi moja, akaibonyeza kati ya vidole viwili.

"Hizi ni mali ya nani?"

"Ni zangu... ni za stoo."

"Kama ni za stoo, ju ya nini ziko mu kopo yako?"

Karani akachukua kalamu. Hilo aliliandika.

Komanda wangu, aliyeniita mfano, alikuwa anatazama dirishani. Yote yalichukua nusu saa tu. Binti wa Mwenga waliandika aondolewe kazini, arudishe sare. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kuficha vifaa, na nikaambiwa pembeni, kwa upole, kwamba nimebakiza miaka miwili nistaafu na mtu wa umri wangu anajua kuhesabu. Ripoti ilibaki kama ilivyo. Nasikia inatumika mpaka leo kila mtu akiomba bastola mpya.

Nilimkuta kwenye korido, kwenye benchi, mkono ukiwa kwenye plasta, amejaribu kuvaa sweta na mkono mmoja wa sweta umening'inia. Nilikaa pembeni yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Papa, ulizisafisha kweli?"

"Nilizisafisha."

"Siku gani?"

"Siku ya Mungu, baada ya misa."

"Zilikuwa na buchafu mingi?"

"Mama, kwa kweli sijaonaka buchafu ya vile. Nilipata haya. Nilisema bageni batatuonaje."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Ningefurahi angenitukana.

"Tulipatana," alisema. "Shiye wote kumi, wenye bastola za liste. Liste ilipobandikwa, niliitana na benzangu, niliwaambia papa wa stoo amesema mutihani itasema yenyewe, tusijisumbue nazo. Basi tukaacha. Hatukupangusa, hatukutia mafuta, hata mawese hatukutia. Mwezi muzima, papa. Tulisimama ku mageti mwezi muzima na bastola zenye tulijua haziwezi kupiga, ju bageni baone."

Akainuka, akanigeuzia bega ili nimvalishe upande wa sweta ulioning'inia. Nikamvalisha.